Kabla hujamlipa developa advansi ya app ya duka lako

Dada mmoja mwenye duka la jumla la vipodozi Kariakoo ameniuliza hivi: "Wateja wangu wengi wako mikoani, Morogoro, Iringa mpaka Songea, wanaagiza kwa WhatsApp na kulipa kwa lipa namba. Nimechoka kuhangaika na meseji mia kidogo kila siku. Kuna kijana anataka kunitengenezea app ya Android na iPhone, ina chati, ina woleti ya mteja kuweka hela yake, ina pointi za zawadi, milioni 12 kwa miezi mitatu, nusu anataka kabla. Niangalie nini nisije kuliwa hela yangu?"

Dada yangu, umeuliza wakati mzuri sana maana wengi wanaonifuata wanakuja wameshalipa, app iko hewani, wateja hawaigusi na developa hapokei simu. Wewe hela bado iko mkononi kwako kwahiyo tunaweza kuongea. Na nianze na hilo la kuliwa. Kwa ninavoona mimi hatari kubwa sio kijana kukimbia na hela, wapo wa hivo ila wengi ni vijana waaminifu wanaokesha kwenye kompyuta. Hatari ni kwamba anakuuzia kitu chenye mwisho, miezi mitatu anakukabidhi anaondoka, wakati app ya biashara haina mwisho, siku inaingia Play Store ndo kazi na gharama zinaanza. Ukiwa umeshamaliza hela yote kwenye kuitengeneza basi utakuwa na app usiyoweza kuiendesha. Karibu kila shimo nitakalokuonyesha hapa chini linatokana na hilo.

Tuanze na hiyo orodha yake. Woleti itoe leo hii, usiijadili hata mara mbili. Ukiwa na woleti maana yake unakusanya hela za watu na kuwatunzia, na Tanzania hiyo ni kazi yenye leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, sio kitu duka la vipodozi linaongeza kwa sababu developa ameona kwenye app nyingine. Mteja alipie oda yake, basi. Chati nayo itoe, wateja wako wameshazoea WhatsApp na hakuna chati utakayowatengenezea ikashinda ile, weka tu kitufe kinachofungua WhatsApp ya duka. Pointi zisubiri. Na iPhone isubiri pia, angalia wateja wako wa mikoani wanashika simu gani, nina uhakika utakuta Tecno, Infinix na itel zimejaa na iPhone chache. Kuwa kwenye duka la Apple ni dola 99 kila mwaka, wakati Google unalipa dola 25 mara moja tu, alafu Apple wana tabia ya kukataa app ambayo ni tovuti tu imefungwa kwenye karatasi ya app. Utaongeza iPhone ukishaona Android inaleta oda.

Sasa cha kushangaza ni kwamba kwenye hiyo orodha vitu ambavyo wewe unavihitaji kweli havipo. Huyo kijana amekupa app ya duka la rejareja, picha, bei, weka kwenye kapu, lipa. Wewe unauza jumla. Losheni hiyo hiyo ina bei ya dazani, ina bei ya nusu katoni na ina bei ya katoni, na mteja wa Songea aliyekaa na wewe miaka ana bei yake tofauti na aliyekuja juzi. Mzigo mpya ukiingia bei inabadilika asubuhi hiyo hiyo. Alafu kuna mali kauli, najua unayo kwa sababu hakuna muuza jumla Kariakoo asiyekuwa nayo, mteja anachukua mzigo leo analipa akishauza. Sasa app itamwambia nini mteja wa mali kauli? Ikimlazimisha kulipa kwanza atafunga app na kukupigia simu, na wateja wako wakubwa ndo hao hao, kwahiyo utabaki na app inayotumiwa na wadogo tu huku oda nzito bado ziko WhatsApp na wewe sasa una sehemu mbili za kuhangaika badala ya moja.

Na stoku. Hapa naomba usome taratibu. App inaonyesha katoni 4 za sabuni fulani zipo, mteja wa Iringa anaagiza zote 4 na kulipa, lakini saa moja kabla kijana wako wa kaunta amemuuzia mtu aliyekuja kwa miguu katoni 3 na hakuandika popote kwenye mfumo. Umeshapokea hela, mzigo huna, basi la Iringa linaondoka jioni. Ikitokea mara mbili kwa mteja mmoja hatoagiza tena kwenye app, atarudi kupiga simu na kuuliza "ipo kweli au?" Kwahiyo kabla ya app lazima kwanza mauzo ya kaunta na ya simu yaingie sehemu moja. Na hata zile oda za WhatsApp ambazo hazitaisha leo wala kesho, mtu wako wa dukani aziingize kwenye mfumo huo huo kwa niaba ya mteja. Mimi kwakweli ningekushauri mfumo wa ndani uanze, wautumie wafanyakazi wako kwanza kwa mwezi mzima, ukikaa sawa ndo mteja afunguliwe mlango. Developa wengi hawapendi ushauri huu maana mfumo wa ndani hauna mvuto wa kuonyesha watu, ila ndo unaobeba kila kitu.

Haya tuje kwenye malipo, hapa ndo pesa halisi inapotea na hapa ndo utamjua kijana wako kama anaweza kazi.

Picha iko hivi. Mteja anabonyeza lipa, kwenye simu inatokea ile meseji ya kuweka namba ya siri, anaweka, hela inakatwa. Mtandao wa simu unatakiwa urudishe jibu kwenye seva yenu, ile kompyuta ya mtandaoni inayoendesha app, kwamba malipo yamepita. Jibu linachelewa, au seva yenu ilikuwa imezima wakati huo, au linapotea kabisa. App iliyotengenezwa kwa haraka ikisubiri kidogo ikaona kimya inaandika "Malipo yameshindikana, jaribu tena". Mteja anajaribu tena, anakatwa mara ya pili. Sasa una mteja Morogoro amekatwa mara mbili, app inasema hajalipa, na anakupigia simu saa tatu usiku kwa hasira na ana haki. Hii sio ajali ya nadra, ni kitu cha kutegemea kila wiki ukishakuwa na wateja, na dawa yake inajulikana. Kila oda iwe na namba yake moja ya kumbukumbu isiyobadilika hata mteja akibonyeza mara kumi. Kimya kisitafsiriwe kuwa ni kushindwa, app iandike "tunahakiki malipo yako" na kitufe kijifunge, huku seva yenyewe inauliza kwa kampuni ya malipo muamala huu umefikia wapi mpaka ipate jibu la ndiyo au hapana. Na kila jioni mtu mmoja mwenye jina na jukumu akae na taarifa ya kampuni ya malipo upande huu na oda upande huu, alinganishe. Kama hela imeingia na haina oda, ipatiwe oda au irudi kwa mwenyewe. Muulize kijana wako hili swali moja tu: "jibu la malipo lisipokuja app yako inafanya nini?" Akianza kukwambia "hiyo haitokeagi", ujue hajawahi kuendesha app yenye hela za watu.

Alafu kuna jambo ambalo developa wa mjini anasahau. Wateja wako wengi wana laini ya pesa kwenye kitochi na simu janja ina laini nyingine ya bando. App ikilazimisha kulipa kwa namba ile ile uliyojisajilia, umewafungia nje. Weka nafasi ya kuandika namba ya kulipia. Na oda ya jumla inaweza kuwa ya milioni kadhaa, ikazidi kiwango cha muamala cha simu ya mteja, kwahiyo lazima kuwe na njia ya benki na njia ya kulipa kwa awamu, lasivyo oda zako kubwa zote zitakwama kwenye ukurasa wa mwisho.

Ukiwa unajaribu malipo usikubali majaribio ya hela za kuigiza peke yake. Chukua laini halisi za M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa, lipa elfu moja moja, alafu fanya makusudi: kosea namba ya siri, acha ile meseji ikae mpaka ife yenyewe, lipa ukiwa huna salio la kutosha, weka namba ya siri na hapo hapo zima data. Kaa umwangalie yeye akifanya mbele yako.

Na kama atakwambia app itasoma meseji za M-Pesa kwenye simu ili ihakiki malipo, kataa. Google walishabana ruhusa ya kusoma meseji tangu 2019, app yako itakataliwa au itaondolewa, na hata ingekubaliwa unajua mwenyewe Kariakoo meseji feki za malipo zinavotembea. Uhakika wa malipo utoke kwenye mfumo wa kampuni ya malipo, sio kwenye meseji wala skrinishoti. Pia kumbuka risiti ya app sio risiti ya EFD, TRA hawaitambui, kwahiyo panga mapema EFD itatolewaje kwa oda za app na itamfikiaje mteja aliye mbali.

Sasa umiliki, na hapa sitaki upepese macho. Akaunti ya Play Store, jina la tovuti, seva, akaunti ya kampuni ya malipo, akaunti ya kutuma meseji za namba za uhakiki, sehemu msimbo wa app (yale maandishi ya developa yanayoifanya app ifanye kazi) unapotunzwa, vyote vifunguliwe kwa barua pepe ya biashara yako, kwa namba ya simu ambayo laini yake iko dukani kwako, alafu wewe ndo umwalike yeye kama mfanyakazi. Sio yeye akualike wewe. Vijana wanapenda kutumia akaunti zao kwa sababu ni haraka na ni kweli ni haraka. Kuna mfanyabiashara mmoja wa spea alikuja kwangu, app yake nzuri, ina wateja, iko kwenye akaunti ya Gmail ya developa ambaye alishahama nchi na laini iliyofungua hiyo Gmail ilishakufa. Hakuna ugomvi kati yao, wanaongea vizuri tu, lakini hakuna anayeweza kuingia. Ile app haiwezi kupata apdeti tena. Ikabidi tuweke app mpya kabisa yenye utambulisho mpya, maana ule utambulisho wa ndani wa app ukishautumia kwenye Play Store haubadilishwi na hauwezi kutumika kwenye app nyingine, na wateja wote waombwe kufuta ya zamani na kuinstoli mpya. Wengi hawakurudi.

Hamisho la app kutoka akaunti moja kwenda nyingine linawezekana Google, ila mwenye akaunti ya kwanza lazima awepo na akubali. Ule ufunguo wa kusaini app, alama ya siri inayothibitisha apdeti imetoka kwa mwenye app, nao zamani ukipotea ilikuwa msiba, siku hizi kwa app mpya Google ndo wanautunza na ufunguo wa kupakia, ule developa anaotumia kupeleka app Google, ukipotea mwenye akaunti anaomba mwingine. Umeona? Kila kitu kinarudi kwa mwenye akaunti. Kwahiyo awe wewe. Na msimbo uwe unaingia kwenye akaunti yako kila wiki toka wiki ya kwanza, usisubiri siku ya kukabidhiwa, na mkataba uandike wazi kwamba ni mali ya biashara yako.

Hapo hapo kwenye akaunti kuna mtego wa muda ambao utavuruga ile miezi yake mitatu. Akaunti binafsi ya Play Store iliyofunguliwa baada ya Novemba 2023 hairuhusiwi kuweka app hadharani mpaka kwanza uwe na watu 12 wanaoijaribu kwa siku 14 mfululizo, alafu ndo uombe ruhusa. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo lakini inadai namba ya D-U-N-S, namba ya utambulisho wa kampuni inayotolewa na Dun & Bradstreet, kuiomba ni bure ila inaweza kuchukua wiki kadhaa, na majina yafanane kabisa na nyaraka zako za BRELA. Anza kuiomba wiki hii hii, kabla hata ya mstari wa kwanza wa msimbo, kwa sababu nimeona watu wameshatangaza tarehe ya uzinduzi na kuchapisha mabango alafu app bado iko kwenye foleni ya uhakiki.

Simu. Nenda kanunue au azima itel au Tecno ya bei ya chini yenye RAM ya GB 2, iliyojaa picha na video kama za wateja wako zilivyojaa, na hiyo ndo iwe simu ya majaribio. App inayoruka kwenye simu kali ya developa hapo itajikongoja. App ikiwa nzito mteja ataifuta siku simu itakaposema nafasi imejaa, maana WhatsApp hataifuta. Picha za bidhaa zibanwe, orodha ya bidhaa ibaki kwenye simu hata bando likiisha, na oda aliyoianza isipotee mtandao ukikatika katikati. Simu nyingi za aina hii pia zinazima app zinazokaa nyuma ili kutunza chaji, kwahiyo notifikesheni ya "mzigo wako umetoka" inaweza isifike kabisa, jambo la muhimu kama hilo litumie kwa meseji ya kawaida. Meseji zinalipiwa, ziweke kwenye bajeti, na uwekwe ukomo wa namba za uhakiki mtu mmoja anaweza kuomba kwa siku kwa sababu kuna wahuni wanazibonyeza kwa maelfu na bili inakuja kwako.

Taarifa za wateja nitaongea kwa kifupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na kuna Tume yake, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili huko. Chukua jina, simu na mahali pa kutuma mzigo, usichukue picha ya kitambulisho cha NIDA kama huna kazi nayo. Google nao wanataka sera ya faragha, wanataka utamke ukweli app inakusanya nini, na mteja aliyefungua akaunti aweze kuifuta. Hizi ni kazi za siku chache zikifanywa mapema, zikiachwa mwisho zinakwamisha app yote.

Kuzindua usifanye kwa kishindo. Chukua wateja kumi na kitu wa kudumu, wale wanaokwambia ukweli, wape app wiki mbili tatu, mtu wako akae nao kwenye simu wakati wanaagiza oda ya kwanza na aandike kila wanapokwama. Ukishaenda hadharani na kila ukitoa apdeti, Play Store inakuruhusu kuipeleka kwa asilimia ndogo ya watumiaji kwanza, tumia hiyo kila mara, maana ukigundua tatizo unasimamisha usambazaji lakini huwezi kuwarudisha waliokwisha pata toleo bovu kwenye la zamani, inabidi utoe jipya. Google wanapima pia app inavyokufa mikononi mwa watu, yaani kujifunga yenyewe ghafla, ikiwatokea zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji kwa siku wanaanza kuipunguzia nafasi ya kuonekana. Nyota za kununua usinunue. Na usidhani ukiwa na app tu wateja wanakuja, Jumia walifunga biashara Tanzania Novemba 2019 na app walikuwa nayo.

Sasa hiyo milioni 12. Mimi ningeigawa tofauti kabisa na alivyosema. Kubaliana naye toleo dogo la Android pamoja na mfumo wa ndani wa stoku na oda, kwa karibu nusu ya hela hiyo. Nyingine isiguswe, ikae kwa ajili ya mwaka wa kwanza: seva, meseji, matengenezo ya kila mwezi, na kuna hili la lazima ambalo hawakuambii, Google kila mwaka wanapandisha toleo la Android ambalo app zinatakiwa kulilenga, app iliyotelekezwa inafika mahali haikubaliwi apdeti na watu wenye simu mpya hawaioni tena kwenye Play Store. Nusu kabla usitoe. Toa robo ya hiyo hela ya kutengeneza mkisaini na akaunti zote zikiwa tayari kwa jina lako, robo nyingine wafanyakazi wako wakiwa wanautumia mfumo wa ndani, robo ya tatu majaribio ya malipo yakipita kwenye mitandao yote minne, na robo ya mwisho mwezi mmoja baada ya app kuwa hadharani na wateja wanaagiza. Kijana mzuri atakubali, au atakuja na mgawanyo wake wenye mantiki mtajadiliana. Mkataba ukishaandikwa nitumie niupitie kabla hujasaini, hasa kile kipengele cha akaunti na kile cha matengenezo.